Code ya Ndani Yenye Sikubadilisha

Masika mutoto yangu,

Umeenda ku Bulengera kumuaga koko, nyanya yako, na najua koko hawezi kukuachilia mbele ya kumaliza sahani mbili. Donc niko na saa kama mbili ya kuandika bila weye kunichungulia ku bega. Mambo ya sweta, ya dawa ya malaria, ya kuchunga numero ya chauffeur, ile yote naruka. Koko atakuwa ameisha kukuambia mara tatu, na weye uko mutu mukubwa. Ata chumvi umeweka mu kifuko, niliona.

Naandika juu ya neno yenye ningekuambia na mudomo tangu miaka mbili. Mudomo yangu unaijua, haiogopake kazi. Hapa Kimemi mutu akipoteza njia ya kwetu, banamuambia tu: simama, sikiliza, kule kwenye mama mumoja anapiga kelele njo pale. Mais ku hii neno moja, miaka mbili, sauti hapana. Nasikia haya, Masika. Na usifikiri ni haya ya bure ya bamama ya kulia-lia juu mutoto anaondoka. Ya leo iko na sababu yake, na sababu unaijua, na mimi nilikuwa nafikiri hauijui.

Kesho unaenda ku Beni kuweka routeur mu maternité. Batakupatia bureau, batakuonyesha pa kupitisha câble, na makaratasi yote ya bamama benye kuzaa, magonjwa yao, majina yao, itapita mu kile kisanduku yenye utaweka na mikono yako. Nilisikia unamuelezea mudogo yako jana, unasema, "Mutu anakuletea siri yake bila kujua kama anakuletea." Nilikuwa mu cuisine. Niliweka sufuria chini.

Juu mimi njo nilikuwa mutu wa kwanza wa kukuonyesha vile ile kazi inaharibikaka.

Nianze na siku tulinunua yetu. Ilikuwa mwaka moja kisha kilio ya baba yako. Secrétariat ilikuwa inatembea kidogo-kidogo, photocopie, barua za kuandikia batu, kuscanner makaratasi. Kisha batu bakaanza kutaka connexion ya internet. Nikaenda kwa ule muchuuzi mwenye analetaka bintu ya machine toka Dubai, nikachukua routeur ya antena mbili. Akaniambia, "Mama, ngoja nikutumie mutu akuwekee." Nikacheka mpaka batu bakageuka. Mimi? Mimi niliandikaka na machine ya ribbon wakati ule muchuuzi alikuwa bado ananyonya! Nikaja nayo mu mufuko, nikaiweka ku meza, nikatafuta miwani.

Na kweli iliniitika. Unaweka câble, unaandika ile hesabu imeandikwa ku étiquette chini ya kisanduku, inakuuliza jina na code ya kuingia ndani. Étiquette inasema: admin, na tena admin. Nikaandika, na mulango ikafunguka. Furaha yenye nilikuwa nayo! Nikaita badogo bako bote bakuje kuona. Nikabadilisha jina ya connexion, nikaweka "Mama Masika". Kisha ikaniomba code ya batu benye batakuwa banaingia, nikaandika Masika, na mwaka wako wa kuzaliwa nyuma yake. Nikasema, hii hakuna mutu atapata.

Sasa ngoja tucheke pamoja, juu ile ni ya kuchekesha, kama haikuleta machozi. Sisi Banande, jina ya mutoto inamungojaka ku nafasi yake. Binti wa kwanza wa nyumba yetu ni Masika, hapana mwengine. Mutu wa hapa akijua tu mama fulani ako na binti mukubwa, amejua jina ya binti. Na mimi nikachukua jina yenye Butembo yote inaweza kunitajia bila kuniona, nikaifanya siri. Tena nikaandika ku mulango, na herufi kubwa, "Mama Masika". Mwaka wako wa kuzaliwa? Ule unahesabu tu ku vidole, uko unasoma na batoto ya majirani. Batoto ya avenue baliipata ku siku ya pili, na mimi nikasema bako na akili.

Na benye hawakuipata, niliwapa. Tuseme kweli. Kwetu mutu akikuomba code na ukamunyima, kesho jina yako ni choyo. Mutu wa shirika yetu ya sala, mwenye alibeba kuni siku za kilio ya baba yako, anasimama ku mulango na simu yake ya kuvunjika kioo, anasema, "Mama Masika, nisaidie nisalimie mutoto yangu wa Kampala." Namunyima na mudomo gani? Nilikuwa mujane. Nilikuwa nataka batu bapende kuja kwangu. Nikaweka banc inje, nikaweka kisanduku ku dirisha juu connexion ifike mpaka ku banc, na ile étiquette ya chini ikawa inaangalia inje kila siku, kama biashara ya kuuza.

Code ya ndani, ile ya admin, sikubadilisha. Nilisema, nani ana haja ya kuingia mule?

Weye ulikuwa mwaka wa mwisho ya informatique. Ulikuja samedi moja toka ku cours, ukaketi ku banc na simu yako, kimya, nikafikiri unaandikia mutu. Kisha ukaingia, ukaniinamia ku sikio. Ulisema vizuri. Nataka nikumbuke hii mbele ya yote: ulisema vizuri, na sauti ya chini, ili batu basisikie.

"Mama, niko naona scan yako yote ku simu yangu. Ata actes za kuzaliwa za batu."

"Wapi?"

"Pale ku banc. Dossier iko wazi ku mutandao. Na nimeingia mu routeur na code ya kiwanda. Mama, tuzime kidogo, nusu saa tu. Nibadilishe ile code ya ndani, niweke bageni ku mutandao yao peke yao, nifunge dossier."

Boutique ilikuwa imejaa. Kulikuwa batu nane, tisa, benye banangoja. Na mimi, badala ya kukujibu ku sikio, nilikujibu na ile sauti yangu.

"Nizime, na batu bamejaa namna hii? Weye unanifundisha kazi yenye inakulipia minerval ya masomo?"

"Mama, hapana kukufundisha, ni—"

"Basi ketini, Madame Ingénieur! Tumupe kiti Madame Ingénieur!"

Batu bakacheka. Na nilipenda, Masika. Njo inanichoma mpaka leo, kuliko routeur, kuliko yote. Nilipenda ile kicheko. Tangu baba yako afariki, batu balikuwa bananihurumia tu, na siku ile balicheka na mimi, na nikaona niko mutu tena. Nilikuuza ku kicheko ya batu tisa. Weye ukachukua karatasi, ukaandika pale hatua zote, moja, mbili, tatu, na mwandiko ya mutoto wa masomo, ukaniachia pembeni ya clavier ya machine. Nikaweka kikombe ya chai juu yake.

Kisha akaja Furaha.

Furaha, mulikuwa mu banc moja toka primaire, mama yake anauzisha liputa, vitenge, ku soko na tuko mu shirika moja. Ile wakati bachumba balikuwa bameisha kuja. Familia ya kijana ni ya Luofu, na mbuzi za kwanza zilikuwa zimefika, tulikula sote. Furaha akaja asubuhi moja, boutique haina mutu, akanipatia karatasi ya munganga. Alikuwa anatumia dawa ya kifafa toka utoto, na alitaka nimutumie daktari mumoja wa Goma ile karatasi ili apunguziwe dawa mbele ya ndoa. Alisema, "Mama, hii ni yetu tu." Nikasema, "Mutoto yangu, mimi ni kaburi." Nikascanner, nikatuma, nikamurudishia karatasi yake mu mikono. Nilimuambia nitaifuta ile ya mu machine.

Sikufuta. Sikukusudia, niliitwa ku photocopie, na ikaisha mu kichwa.

Unajua kifafa kwetu. Unajua vile batu banaondosha kikombe ya mugonjwa pembeni, vile banakimbizaka batoto. Majuma mbili, Masika, majuma mbili tu, na ile karatasi ilikuwa mu masimu. Nani aliichukua, sijui mpaka leo, na sitafuti tena. Mutu aliketi ku banc yangu, akafungua mulango yenye niliacha wazi, akaona jina anajua. Ilifika Luofu mbele ya Furaha mwenyewe kujua kama imetoka. Balikuja kutaka mbuzi zao. Balikuwa na sura ya batu benye balidanganywa, na Mama Furaha alifunga mulango siku tatu.

Ya kufuata ulikuwepo. Mais wacha niiandike na mukono yangu, juu mukono yangu haijawahi kuiandika.

Alhamisi, shirika. Sala imeisha. Mama Furaha akasimama, hakulia, akasema, "Karatasi ya mutoto yangu ilitoka ku machine ya Mama Masika. Naomba kujua ni mukono ya nani." Muongozi wa shirika akageuka kwangu. Akaniuliza pole-pole, kama mutu anataka kunisaidia, "Mama, nani anatengenezaka ile machine?"

Nilikuwa nimeisha kujua. Siku mbili mbele ya ile shirika, niliposikia habari, nilichukua simu ya mudogo yako, nikaketi ku banc, nikaona dossier yangu yote inafunguka mu mukono yangu. Furaha alikuwa pale, mustari wa saba. Donc nilisimama mu shirika na nilijua.

Nikasema, "Mambo ya machine, Masika njo anayajua. Mimi ni mama wa zamani, nabonyeza tu."

Basi. Ile tu. Niligeuza-geuza ile maneno usiku mingi, nikitafuta kujihukumu na nikitafuta kujitetea. Ukichukua kila neno peke yake, ni kweli. Weye njo unajua machine. Mimi ni mama wa zamani. Na yote pamoja ni bongo, ni uongo kubwa kupita zote nilishasema mu maisha yangu, na nilisema mbele ya musalaba, nikiwa nimetoka kusema Baba Yetu.

Uliniangalia. Mimi niliangalia viatu ya muongozi. Kisha nikasikia kiti yako inasogea, ukasema, "Ni mimi. Munisamehe."

Tukarudi ku nyumba. Nilikuwa nangoja unipigie kelele. Nilikuwa nimejitayarisha, nilikuwa na majibu yote: boutique ni yenye inatulisha, mujane hana mutu wa kumutetea, batu batasahau. Hakuna kelele ilikuja. Ulichukua kisu, ukaanza kumenya viazi. Nikasema, "Balitaka tu jina ya mutu. Itapita." Ukasema, "Ndiyo, Mama." Na unajua nilisikia nini? Raha. Nilisikia mwili yangu imepoa. Mutoto amenibebea muzigo, na mimi nasikia raha na naenda kutafuta mafuta ya viazi. Ah, Masika. Kama kuko kitu yenye sikutaka kuandika ni hii.

Haikupita. Weye ulijua kuliko mimi, juu ilikuwa ku mwili yako. Batu bakaacha kukuletea masimu ya kutengeneza. Préfet, mukubwa wa masomo, mwenye alikuahidi kazi ya salle informatique, akachukua mutu mwengine, na alikuja kuniambia mimi, na heshima, ku comptoir yangu, "Mama, unaelewa, kuko makaratasi ya batoto." Nikamuitikia na kichwa. Nikamuitikia na kichwa! Nikamupa na photocopie yake. Ulimaliza masomo yako na notes nzuri, na ukaketi miaka mbili mu nyumba, unasaidia badogo calcul, na batu bakipita banashusha sauti. Na mimi boutique ilikuwa inajaa. Balikuwa bananihurumia tena, mara hii juu ya mutoto mwenye aliniharibia jina.

Dimanche moja, mezi moja kisha ile shirika, mulikuwa ku misa ya pili, nilitoa ile karatasi yako chini ya kikombe. Ilikuwa na muviringo ya chai. Nikazima yote. Nikafuata hatua zako na kidole. Nikaingia ndani, nikabadilisha code ya admin, nikaweka maneno marefu yenye hakuna jina ya mutu ndani. Nikaweka bageni ku mutandao yao, machine yangu ku yake. Nikazima ile kabouton ka nyuma, uliandika kanafungulia mutu mulango bila kumuuliza code. Nikafanya ile mise à jour, kuiwekea program mupya. Nikafunga dossier, nikafuta scan za batu, na ya Furaha njo nilifuta ya kwanza. Kisha nikaangalia saa ku ukuta. Nusu saa. Kama vile ulisema, haikuzidi ata dakika tano. Niliketi pale, taa ya kijani inawaka-waka, na nikalia mpaka nikasikia sauti zenu ku njia, nikaosha uso.

Na sikukuambia nimeifanya. Ata ile.

Ku Beni, usiniulize namna ya kuweka routeur, mimi njo ningekuuliza. Najua tu mambo kidogo, na niliyajua kwa njia mubaya. Kutakuwa mukubwa fulani, na blouse nyeupe, mutu muzuri, mwenye alikupatia kazi, atakuja kukuomba code ya ndani ya kumupa mutoto ya ndugu yake. Utasikia ile neno choyo inakuja mu kichwa mbele yeye aiseme. Acha aiseme. Mimi nilikuwa mama mwenye hana choyo, bote balinisifu, na ona. Na siku moja mutu mudogo kwako, labda yule mwenye anapanguzaka bureau, atakuinamia ku sikio akuambie kama umeacha kitu wazi. Boutique itakuwa imejaa ile siku, itakuwa imejaa kila mara. Uzime, Masika. Ata bakikucheka.

Na utakosa. Usinishangae kuandika hivi, sikutabirii mubaya. Utakosa, juu mashine ni mingi na mutu ni mumoja. Utasahau kufunga kitu. Ile si kitu, ile ni nusu saa. Useme tu ile siku yenyewe. Kesho yake ni nguvu zaidi. Juma ya pili inakuwa kama jiwe. Mimi nakuambia toka chini ya ile jiwe, hapana toka juu ya mulima.

Sasa ya leo. Asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilikuambia naenda kununua savon. Nilienda kwa Mama Furaha.

Alikuwa anakunja liputa mu salon. Furaha alikuwa ku machine yake ya kushona, karibu ya dirisha. Ananenepa kidogo, anapendeza, alinisalimia. Nikasema, "Mama Furaha, nimekuja na neno." Akasema, "Ketini." Nikasema yote. Samedi ile, kicheko, karatasi chini ya kikombe, shirika. Hakuacha kukunja. Nilipofika mwisho akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile juma ya shirika. Furaha alikuwa ku banc ile samedi, pale inje. Alisikia mutoto anakuomba ufunge, na akasikia vile ulimujibu."

Nikageuka kwa Furaha. Nikamuuliza na aibu yote, kama alisikia, juu ya nini aliniletea karatasi yake? Alisimamisha machine. Akasema, "Mama, nilifikiri ulifunga kisha. Nilisema Mama Masika anapigaka kelele, mais anasikiaka."

Nikageuka tena kwa mama yake.

"Na mbona ulininyamazia miaka mbili?" nikamuuliza.

Akaweka liputa chini. "Masika alikuja hapa kesho yake ya shirika. Aliketi pale umeketi. Aliniambia: Mama Furaha, niachie ile jina mimi. Mimi niko kijana, nitapata kazi mahali ingine. Mama yangu batu bakikimbia boutique yake, badogo bangu batasoma na nini? Nikamuuliza, mama yako anajua umekuja huku? Akasema hapana, na naomba usimuambie, atasikia haya."

Kila asubuhi miaka mbili, Masika. "Wavukire, Mama," na chai, na unanitafutia miwani. Na ulijua kama muzigo ilikuwa yangu.

Nilisimama niende, nikaanza kumuomba musamaha tena, akanikata. "Mimi sikukuulizaka mu salon. Nilikuuliza mbele ya batu. Leo ni alhamisi."

Nilienda. Saa kumi nilikuwa ku kiti yangu. Weye ulikuwa umeisha kupanda pikipiki ya Bulengera, na nilishukuru Mungu hauko, ona vile niko. Sala ikaisha, masomo ikaisha, muongozi akauliza kama kuko mutu mwenye ako na neno. Nikasimama. Nikafungua mudomo, na yenye ilitoka ni: "Tuombee safari ya Masika." Bote bakasema amina. Na nikaketi! Nikaketi kabisa, nikatengeneza kitambaa, na ile raha ya siku ya viazi ikaanza kunipanda mu mwili. Mama Furaha hakuniangalia. Alichukua kifuko yake pole-pole, kama mutu mwenye ameisha kungoja.

Nikasimama tena. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, na sauti yenye hawajawahi kunisikia nayo, ndogo, mpaka ba nyuma bakainama mbele kusikia: "Ile karatasi ya Furaha. Masika aliniomba nifunge machine, nikamucheka. Kisha nikamuweka hapa mbele yenu abebe. Hapana Masika. Ni mimi."

Muongozi alitoa miwani yake, akaiangalia, akasema, "Miaka mbili, mama?" Nikasema ndiyo. Bamama bawili bakasimama, bakatoka bila kunisalimia, na bako na haki. Boutique kesho sijui itakuwa na batu ao hapana. Ile ni yangu sasa, hapana yako tena.

Nitakuwekea hii barua chini ya nguo, mu valise, uisome ukiwa umefika. Hapana, nabadilisha. Nakupatia mu mukono jioni hii, ukitoka kwa koko. Kama nitaificha mu valise nitakuwa nimerudi kulekule.

Kesho asubuhi tutashuka wote mu avenue mpaka ku parking ya Beni. Batu batatoka ku milango. Bengine batakuita jina yako, na bengine batakuwa bananisema mimi, na sauti ya kusikika, na yenye batasema itakuwa kweli. Nakujua, Masika. Utataka kuweka valise chini, utageuka, utafungua mudomo unitetee.

Usigeuke. Panda gari.

Mama yako